Watoto wa Kukisiwa

Sikudhani Shekivuli aliuliza swali la kuonjea tu, kama mtu anavyoonja mchuzi kabla ya kuupakua, na jibu lililomrudia lilimkalisha sakafuni ilhali viti vilikuwa tele chumbani.

Lakini nisiruke. Ilikuwa Jumanne asubuhi, ofisini kwa Ushirika wa Akiba wa Wakunga wa Tanga, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vitambaa. Mezani palikuwa na vioo viwili vya kompyuta, vile vyembamba vya kukunja, kimoja cha kampuni ya Kibweta na kingine cha kampuni ya Chapuo. Kampuni hizi mbili zilikuwa zimegombania miaka sita mizima kazi ile ile moja, kushika kanzidata ya nchi zote za Shirikisho. Kanzidata, kwa asiyeijua, ni ghala la kumbukumbu. Nani kazaliwa, nani kachanjwa, shamba la nani limepakana na la nani. Ukiuliza, linakwenda rafuni, linatoa, linakuletea. Kibweta ilisifika kwa kutopoteza kitu. Chapuo ilisifika kwa mbio, na mbio ndizo wawekezaji walizozipenda.

Sasa mashindano yalikuwa yamefika mwisho. Alhamisi saa sita mchana Chapuo ingeimeza Kibweta, na hisa za Chapuo, kila mwenye akili zake alijua, zingepanda mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Wakunga walikuwa nazo hisa hizo, tena nyingi. Miaka tisa nyuma, Chapuo ilipokuwa vijana wanne na feni mbovu, vijana hao walikuja kuomba rejesta za wodi ya wazazi, vitabu vya miaka themanini, ili mashine yao ipate cha kujifunzia. Fedha hawakuwa nazo, wakalipa kwa hisa. Wanachama elfu moja mia tisa na arobaini, wengi wao vikongwe na wajane, walikuwa wameutundika uzee wao wote hapo.

Hamdani Shemdoe, afisa uwekezaji wa Ushirika, kijana wa miaka thelathini na minne mwenye suti ya kijivu, alikuwa amekwisha kuandika taarifa ya kupendekeza Ushirika uukubali muungano huo. Ilibaki saini ya Sikudhani, mkunga mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya uwekezaji.

"Weka saini, shangazi, tukanywe chai."

"Sijaonja."

Hamdani alicheka. Aliijua tabia ya wakunga. Maji ya kumwogesha mtoto huyatia kiwiko kwanza. Kipimo kipya cha presha hujipima wenyewe kabla ya kumfunga mgonjwa. Hawapokei kitu kabla ya kukijaribu mwilini mwao, na Sikudhani alikuwa mgumu kuliko wote. Kwa hiyo alichagua swali ambalo jibu lake alilijua kuliko kiumbe yeyote duniani. Akakisogelea kioo cha Kibweta.

"Mimi ni Sikudhani Shekivuli. Watoto wangu ni nani?"

Kibweta ikachukua sekunde nne. *Hakuna mtoto aliyesajiliwa.*

"Umeona ilivyo konokono?" Hamdani akasema. "Sekunde nne, karne hii!"

Sikudhani akageukia kioo cha Chapuo, akauliza lile lile. Hakuwa amefunga mdomo jibu lilipotokea.

*Mtoto mmoja. Mwanaidi Salehe Mzuguno. Jinsia ke. Miaka ishirini na minne. Mshonaji, Handeni. Chanjo zote kamili.*

Na chini yake picha. Binti mwembamba, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto, kidevu cha Sikudhani mwenyewe, na masikio, Yarabi, masikio yale makubwa ya Salehe ambayo watoto wa mtaani walikuwa wakimtania nayo tangu yuko chuoni.

Hapo ndipo alipokaa sakafuni. Hakuanguka, alikaa tu.

"Shangazi! Unaumwa?" Hamdani akachutama mbele yake, kisha akakitazama kioo, akatabasamu kwa mshangao. "Kumbe una binti! Siku zote hizi hujasema!"

"Sina."

"Si huyu hapa?"

"Hamdani, sina mtoto. Nilizaa mmoja. Akaishi siku tano."

Tabasamu la kijana likabaki usoni halijui pa kwenda. Akalifuta kwa kiganja.

"Labda ni jina limefanana na—"

"Jina hilo halina mwenyewe," Sikudhani akasema, na sauti yake mwenyewe aliisikia inatoka mbali. "Mtoto kwetu hupewa jina siku ya saba. Wangu hakufika. Tulinong'onezana mimi na Salehe usiku mmoja tu, kwamba akiwa wa kike ataitwa Mwanaidi. Salehe kafa, nimebaki mimi. Hii mashine imelitoa wapi?"

Hamdani, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, hakubahatisha; akakunja vioo, akamfungulia mlango waende Chapuo wakaulize.

*

Jengo la Chapuo lilikuwa mwendo wa robo saa kwa treni ya juu, vioo vitupu, maua ya plastiki mlangoni. Mwenye hisa nyingi hasubirishwi. Walipokewa na mhandisi mkuu, Eliamani Mbaga, Mpare wa makamo mwenye adabu nyingi, mmoja wa wale vijana wanne wa feni mbovu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu ni nani?" Sikudhani akamwekea picha mbele ya uso.

Eliamani aliitazama picha, akatazama mlango kama umefungwa, kisha akavuta kiti karibu. Hakukana. Hilo lilimtisha Sikudhani kuliko kama angekana.

"Mama, ngoja nikueleze tunavyofanya kazi. Kanzidata ya zamani, kama ya Kibweta, inapoulizwa inakwenda rafuni kutafuta. Kinachochukua muda si kujibu, ni kule kwenda. Sisi tuliifundisha yetu ikisie. Imesoma rekodi milioni mia nne. Inajua mtu wa aina fulani anakuwa na nini. Kwa hiyo inajibu kwanza, halafu ndiyo inakwenda rafuni kuhakikisha. Ikikuta imekosea, inajisahihisha. Mara elfu kumi ikikisia, inakosea moja."

"Ikakosea kwangu, isijisahihishe?"

Eliamani akajikuna shingo. "Kibweta walitukaribia kwa mbio. Ilikuwa mwaka jana, wakati wa zabuni ya Shirikisho. Wawekezaji wakawa wanatupigia simu asubuhi na jioni: mkishindwa zabuni hii tunatoa fedha zetu. Kule kwenda kuhakikisha kulikuwa kunatupunguzia mwendo. Tukauzima ukaguzi huo. Kwa muda tu."

"Muda gani?"

"Miezi kumi na moja."

"Toba!" Hamdani akanong'ona. Maana yeye, ndani ya miezi hiyo hiyo kumi na moja, alikuwa amewaandikia wakunga ripoti nne za kuisifia Chapuo.

"Na rafu?" Sikudhani akauliza. "Rafu zenyewe zipo?"

"Kumbukumbu zinakula umeme, mama. Kitu ambacho hatukirudii... tulianza kukifuta. Ndiyo maana tunainunua Kibweta. Wao wanazo zote. Tukishaungana tutalinganisha taratibu."

"Mtalinganisha lini?"

Mhandisi akaangalia mikono yake. "Mpango wa kuungana unasema mitambo ya Kibweta izimwe Alhamisi jioni. Kupunguza gharama. Mimi nilipinga, imo kwenye kumbukumbu za kikao."

Sikudhani hakuhitaji kuelezewa zaidi. Alhamisi jioni kusingebaki mahali popote, kuanzia Tanga mpaka mwisho wa Shirikisho, palipoandikwa kilichotokea kweli. Kungebaki makisio peke yake.

Akarudi kwenye lililomleta. "Jina lake mlilitoa wapi?"

"Mashine iliona mimba, ikaona siku ya kuzaa, ikaona uzito wa mtoto. Mbele yake nafasi ya jina wazi, na hakuna mahali palipoandikwa kuwa amekufa. Mwenye kuzaliwa asiyekufa yu hai. Mtoto wa kwanza wa kike huko kwenu huchukua jina la mama yake baba, na mama yake baba aliitwa Mwanaidi. Sura imetoka kwenye kitambulisho chako na cha mumeo. Wizara ilipouliza vijana wa umri huo wako wapi, mashine ikampa cherehani na ikampa mji. Sisi tunaita kujaza." Akashusha sauti. "Waliojazwa hivi wako laki nne na elfu kumi na mbili, mama. Hatukuelewa kwa nini rejesta za Tanga na pwani yote zina nafasi nyingi hivyo zilizo wazi."

Sikudhani alielewa. Zile nafasi alikuwa ameziacha yeye. Yeye na Bi Mwanamvua Kijangwa aliyemfundisha kazi, na waliomfundisha Bi Mwanamvua. Wodini kwao mtoto hakuandikwa jina mpaka siku ya saba, na akifa kabla yake mstari uliachwa vile vile, mweupe. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuandika "amekufa" mbele ya jina la mama, kwa sababu mwaka wa pili mama yule yule atarudi na tumbo lingine, kitabu kitafunguliwa mbele ya macho yake, naye atausoma. Wizara iliwakaripia, wakaitika ndiyo bwana mkubwa, wakaendelea kuacha wazi. Ilikuwa huruma yao. Hakuna mashine iliyofundishwa kuisoma.

"Na wateja wenu," Hamdani akasema polepole, uso umembadilika rangi, "wanawalipa kwa kila rekodi iliyo hai."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo lile ongezeko la rekodi za pwani tuliloshangilia, asilimia kumi na moja..."

"Sehemu kubwa ni hao."

Hata Hamdani, mtu wa kupenda namba, hakutaka kusikia nyingine.

"Mama, najua inauma," Eliamani akasema, na ukweli ni kwamba alikuwa na huruma, si mtu mbaya yule. "Lakini nijibu kwa haki. Mtoto wa kukisiwa anamdhuru nani? Hali, hanywi, hadai kitu."

Hapo Sikudhani akasimama.

"Mwezi wa tatu mwaka huu walifunga chumba cha joto cha watoto njiti pale hospitali. Mashine kumi na mbili wamezipakia, wamezipeleka wanakojua wao. Nilikwenda kulalamika mpaka kwa mganga mkuu. Akanionyesha ripoti: tangu mwaka jana Tanga hajafa mtoto mchanga hata mmoja, kwa hiyo chumba cha nini? Nikamwambia haiwezekani, akaniambia namba ni namba, bibi. Tangu siku hiyo njiti wanafungwa kwenye kanga na chupa za maji ya moto, na wakunga wenzangu wanawapokea wakiwa wamepoa. Na kila anayepoa, ninyi mnamwandika kuwa yu hai! Umeuliza anadhuru nani? Nimekujibu."

Eliamani akawasindikiza mwenyewe mpaka mlangoni, uso chini.

Walipotoka nje Hamdani alimshika mkono kwenye ngazi.

"Shangazi, nisikilize. Mfuko wa walimu unataka kununua hisa zetu, wamenipigia jana. Tuwauzie kesho asubuhi, wanachama wetu wapone. Tukishatoka ndipo useme yote, hata kwa kipaza sauti."

"Na walimu?"

"Walimu wana mfuko mkubwa."

"Walimu hawazeeki?"

"Shangazi, mimi nimeajiriwa kuwalinda wakunga!" Macho yake yalikuwa mekundu. "Ukisema kabla hatujauza, kesho jioni hisa hizo hazitanunua hata maandazi. Mama yangu mzazi ni mwanachama. Unajua."

Alijua. Ni yeye aliyemzalisha dada yake Hamdani, na mama yao alimwita shoga.

*

Mkutano mkuu ulifanyika Jumatano saa tatu asubuhi katika ukumbi wa Ushirika. Waliohudhuria walikuwa mia tatu na ushei, wengi wanawake, madira ya kila rangi, vikombe vya kahawa mkononi, kelele za kuonana. Eliamani alikuwa amekuja kwa hiari yake, kakaa kiti cha pembeni mbele, kashika magoti.

Sikudhani alisema kila kitu bila kupamba. Mashine inakisia. Rafu zinafutwa. Watoto waliokufa kabla ya siku ya saba wanahesabiwa hai, hisa zimepandishwa na wao, na chumba cha joto kimefungwa kwa ajili yao. Akaeleza na shauri la Hamdani la kuwauzia walimu, kwa sababu kulificha lingekuwa uwongo mwingine.

Ukumbi ukalipuka, kwa lile alilolitarajia.

"Kwa hiyo mafao yetu?" mmoja akapaza sauti.

"Uza! Uza leo leo!"

"Mimi nina kisukari, Sikudhani, dawa nitanunulia nini? Ukweli wako?"

"Mnawauzia walimu moto, halafu mkutane nao msikitini?"

"Msikiti gani, wewe kwanza unalipiwa kodi na mwanao!"

Alikuwa amejiandaa kwa hayo, usiku mzima alijiandaa. Alitarajia kutukanwa na alikuwa na majibu. Asichokitarajia ni Bi Mwanamvua Kijangwa, miaka themanini na moja, kusimama kwenye safu ya mbele kwa kushikilia bega la jirani yake, na ukumbi wote kunyamaza, maana nusu yao aliwafundisha kazi yeye.

"Huyo mtoto wako uliyemwona," akasema, "ana sura?"

"Anayo, Bi Mwanamvua."

"Nitafutie wangu."

"Bibi, si watoto. Ni makisio tu ya—"

"Nimekuomba nini?"

Sikudhani akamtazama Eliamani, Eliamani akatazama sakafu. Sikudhani hakuwa na namna. Alikisogeza kioo, akataja jina la bibi. Jibu likatokea papo hapo, na kioo kikubwa cha ukutani kikalionyesha kwa wote: *Watoto wanne.* Wawili ukumbi uliwajua. Wawili hakuna aliyewajua. Hassani na Husseni, miaka hamsini na minane, mafundi umeme, Dodoma. Wazee wawili wenye mvi, pua za mama yao, mmoja na kiupara.

Bi Mwanamvua akaziba mdomo kwa mtandio.

"Pacha zangu," akasema. "Jamani, pacha zangu wameota mvi!"

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuuongoza mkutano ule. Vioo vilitolewa mikobani kila upande. Mwanamke mmoja alipiga yowe, mwingine akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, mwingine alikuwa akiibusu picha na kuwaonyesha jirani zake: mtazameni, mtazameni, ndiye yule, ana dimpozi. Mama yake Hamdani alikuwa amekaa kimya kabisa na kioo mapajani, na Hamdani, aliyekuwa hajui kuwa alitanguliwa na kaka, alikuwa amesimama nyuma yake mdomo wazi. Sikudhani aliwatazama wakunga wenzake, watu waliokata vitovu maelfu bila kutikisika, wakisambaratika mbele yake. Alitaka kuwapigia kelele kwamba huo ni ulaghai. Lakini hata yeye jana, kabla ya kulala, alikuwa ameifungua picha ya Mwanaidi mara saba.

"Mhandisi," Bi Mwanamvua akauliza, "mkirudisha huko kuhakikisha kwenu, hawa wanakwenda wapi?"

Eliamani akainuka kwa heshima. "Wanafutika, bibi."

"Wote?"

"Wote. Sheria inasema mzazi mmoja tu akiandika sahihisho la kifo cha mwanawe, mashine yetu inalazimika kwenda kwenye rafu za Kibweta kuhakikisha. Tofauti ikionekana, inatangazwa kwa wawekezaji wote dakika ile ile, na ukaguzi unawashwa kwa rekodi zote." Akasita. "Tangu tuanze hajatokea mzazi aliyeandika. Wakubwa wangu walilijua hilo. Walisema mama akimwona mwanawe yu hai hatamuua."

Ukumbi ulinyamaza kama chumba cha kuzalishia mtoto asipolia.

"Basi tusiseme," Bi Mwanamvua akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilifika mpaka mlangoni. "Tusiuze wala tusiseme. Hisa zikae, watoto wakae. Nani yuko nami?"

Mkono wake ukapanda wa kwanza. Ukafuata wa mama yake Hamdani, na mwingine, na mwingine. Wale wa dawa za kisukari walinyoosha, waliokuwa wakiwatetea walimu nao wakanyoosha, machozi yanawatiririka. Sikudhani alihesabu mpaka akaacha. Alikuwa amejitayarisha kushindwa na tamaa ya fedha, akakuta ameshindwa na kitu ambacho hata yeye kilikuwa kinamtafuna kifuani.

"Imepita, shangazi," Hamdani akasema karibu na sikio lake, hana ushindi wowote sautini. "Mwachie Mungu."

Angeachia. Haki ya Mungu angeachia, lakini aliwaza mikono ya mkunga wa zamu, kijana fulani asiyemjua hata jina, asubuhi ile ile, amempakata njiti wa kilo moja na anazunguka wodi akitafuta maji ya moto. Aliwaza mstari utakaoachwa mweupe kwa huruma, na mashine itakayoujaza.

Akavuta kioo, akafungua karatasi ya sahihisho la kifo.

"Unafanya nini?" mtu akauliza. Kisha sauti nyingi, "Sikudhani! Tumepiga kura! Sikudhani, usithubutu!" Viti vikasukumwa. Hamdani, sijui kwa nini, na hata mwenyewe baadaye hakuweza kueleza, akasimama kati ya meza na umati, akanyoosha mikono.

*Jina la marehemu.* Akaandika: Mwanaidi Salehe Mzuguno. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuliandika jina hilo kwa mkono wake.

*Tarehe ya kifo.* Hiyo aliijua.

*Saa ya kifo.* Hapo akakwama. Hakuijua. Alikuwa amelala kwa uchovu wa siku tano, na alipoamka walikuwa wamekwisha kumfunika mtoto. Miaka ishirini na minne hakuwahi kuuliza. Mashine ikasubiri, na bila saa isingepokea.

"Saa kumi na moja kasorobo."

Bi Mwanamvua alikuwa amefika mezani. Umati ulikuwa umempisha. Alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, anahema.

"Alfajiri, adhana haijaadhiniwa. Nilikuwa zamu. Nilimwona anaondoka, nikataka kukuamsha, nikasema mwache alale, anaamka kwenye nini? Nikampakata mimi mpaka akaisha. Niliacha mstari wako wazi kwa mkono wangu huu." Akauinua mkono huo. "Nimekuibia dakika zile, Sikudhani. Miaka yote nakuona unapita, nashindwa kukuambia."

Sikudhani alimtazama. Hasira ilimpanda, na hakuificha, mkunga mzee akaiona na hakukwepa.

"Alilia?" akauliza mwisho.

"Hata. Alikuwa ananitazama."

Sikudhani akaandika saa. Akabonyeza.

Kwa nusu dakika hakikutokea kitu, kwa maana mashine ilikuwa inakwenda rafuni, mara ya kwanza baada ya miezi kumi na moja. Kisha simu ya Hamdani ikaanza kulia mfukoni, na ya Eliamani, na ya kila mtu aliyekuwa na hisa ukumbini, zote kwa pamoja. Kwenye kioo cha ukutani binti mwembamba mwenye masikio ya Salehe alionekana, kisha hakuonekana. Mama mmoja nyuma akapiga kelele kwamba wake bado yupo, bado yupo, wamwachie kidogo tu.

Bi Mwanamvua alivuta kiti, akaketi kwa taabu mbele ya kioo, akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Kabla hawajafutwa na mashine," akasema, "nifungulie na mimi karatasi. Ninao wawili, na saa zao nazijua."